Mto Tana na Haki ya Aliye Chini

Msafiri wa basi kutoka Mombasa kwenda Lamu huuvuka Mto Tana karibu na Garsen kwa muda usiotimia hata dakika moja. Wengi huwa wamesinzia. Aliye macho huona maji ya rangi ya udongo, miembe ukingoni, pengine mtumbwi mmoja au kundi la ng'ombe lililoshuka kunywa. Kisha basi hushika njia ya Witu na mazungumzo yakarudi kwenye nauli na vizuizi vya barabarani. Lakini huo ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, wenye urefu unaokaribia kilomita 1,000, na ndio unaoamua kama mkulima wa Ozi atavuna mpunga mwaka huu au ataambulia shamba lililoungua kwa chumvi. Sisi tunaokaa pwani ndio jirani zake wa mwisho. Katika mambo ya maji, kuwa wa mwisho si jambo dogo, na dini yetu haikulinyamazia.

Chimbuko la Tana liko mbali sana na minazi. Vijito vyake hutiririka kutoka Milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, na huko juu watu huuita Sagana. Wapokomo, ambao ndio wakazi wa kingo zake tangu zama za kale, huuita Tsana. Ukishashuka nyanda za juu huzunguka upande wa kaskazini na mashariki, ukaipita Garissa, kisha hugeuka kusini kupitia Bura, Hola na Garsen hadi ukaingia baharini pale Kipini, katika Ghuba ya Ungwana. Jambo ambalo msomaji anafaa kulishika tangu mwanzo ni hili: baada ya Garissa hakuna tena mto wa kudumu unaoingia katika Tana. Zipo laga tu, yaani makorongo yanayotiririka siku chache baada ya mvua kisha yakakauka. Basi kila tone analokunywa mtu wa Hola, Garsen au Kipini wakati wa kiangazi limetoka juu, kwenye milima ambayo wengi wao hawajapata kuiona. Likizuiwa huko, hakuna pa kulifidia huku.

Na watu wanaolitegemea tone hilo ni wengi na ni mchanganyiko. Wapo Wapokomo wakulima na wavuvi. Wa sehemu za juu wengi wao ni Waislamu, na wa sehemu za chini wengi ni Wakristo tangu wamishonari walipoweka kituo chao Ngao katika karne ya 19. (Wimbo wa taifa la Kenya, kwa asiyejua, ulichukua mahadhi yake kutoka wimbo wa kubembelezea watoto wa Kipokomo.) Wapo Waorma na Wawardei, wafugaji na Waislamu, ambao mifugo yao hutawanyika nyikani msimu wa mvua na kurudi mtoni nyika inapokauka. Wapo Wamunyoyaya, Wamalakote na Wawaata. Chini kabisa, Kipini na vijiji vya jirani, wapo Wabajuni na Waswahili wengine waliochanganya jembe na ngalawa. Masimulizi ya Waswahili yanamhusisha shujaa Fumo Liyongo na nchi hiyo hiyo ya Ozi, na kaburi linalonasibishwa naye liko Kipini. Hapo karibu pana magofu ya Ungwana, mji wa mawe uliokuwa na misikiti yake kabla Mreno hajafika bahari hii. Kwa hiyo tunapoizungumzia Delta ya Tana hatuzungumzii pori la mbali, bali mojawapo ya majumba ya kale ya ustaarabu wetu.

Mfereji uliouhamisha mto

Hapa pana kisa ambacho kingefaa kusimuliwa katika kila shule ya pwani, na ajabu ni kwamba wachache wanakijua.

Zamani Tana haukuwa ukimalizikia Kipini. Mlango wake wa bahari ulikuwa upande wa kusini-magharibi, katika ghuba hiyo hiyo, na maji yaliyokuwa yakipita Kipini yalikuwa ya mto mwingine mdogo, Mto Ozi. Mlango wa Tana ulikuwa mbaya kwa vyombo: mafungu ya mchanga, mawimbi yanayovunjika, na mabaharia wenye kuuogopa. Mlango wa Ozi ulikuwa na nafuu. Katika karne ya 19, zama za masultani wa Witu, ambao asili yao ni Wanabahani wa Pate, ulichimbwa mfereji wa kuiunganisha mito hiyo miwili ili mitumbwi iliyobeba mazao ya bonde la Tana ipenye hadi Ozi na kutoka Kipini bila kuonja hatari ya bahari. Mfereji huo unajulikana kwa jina la Belazoni. Haukuwa mpana. Ulikuwa njia ya mtumbwi, si njia ya mto.

Lakini maji yakishaonyeshwa njia ya mkato hayaisahau. Tana uliingia katika mfereji ule kidogo kidogo, ukaula kingo, na mafuriko ya miaka ya 1890 yalipokuja, mfereji ukawa mto. Mkondo mkuu wa Tana ukahamia Ozi, na mlango wa zamani ukabaki na maji machache. Tangu hapo mto mkubwa kuliko yote Kenya unamalizikia Kipini kwa sababu ya jembe la watu waliokuwa wakitafuta njia fupi ya kupitishia biashara yao.

Sidhani kama aliyeamuru mfereji ule alikusudia hivyo. Wala sisemi alikosea; Kipini na Ozi zilineemeka kwa maji baridi ambayo hazikuwa nayo kwa wingi huo. Ila kisa hiki kinamfaa kila anayedhani kwamba mto ni bomba ambalo mtu anaweza kuligeuza apendavyo na mengine yote yakabaki kama yalivyo. Mji wa Hola nao una ushahidi wake: skimu ya umwagiliaji iliyoanzishwa hapo katika miaka ya 1950 ilisimama mwaka 1989 mto ulipohama mkondo wake na kuziacha pampu zikitazama mchanga. Miaka mingi ikapita kabla mashamba yale hayajafufuliwa.

Na kwa kuwa tumeitaja Hola, haifai kuipita kimya. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 waliozuiliwa kambini hapo kwa sababu ya harakati za Mau Mau walipigwa na askari hadi kufa, walipolazimishwa kufanya kazi ya kuchimba mfereji wa skimu hiyo. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidokeza kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka mkokoteni wa maji. Yaani maji ndiyo yaliyoshitakiwa. Ukweli ulipobainika, Bunge la Uingereza lilitikisika, na wanahistoria wengi huhesabu tukio hilo kuwa mojawapo ya yaliyoharakisha uhuru wetu.

Mpunga unaonyweshwa na mwezi

Turudi chini, mahali ambapo mto na bahari hukutana. Hapa ndipo penye elimu ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha kilimo nilichopata kukisoma.

Katika vijiji vya Ozi, mpunga haumwagiliwi kwa pampu. Humwagiliwa na bahari, ila kwa maji yasiyo ya bahari. Bahari inapojaa, maji yake huingia katika mlango wa mto na kuyarudisha nyuma maji ya mto yaliyokuwa yakitoka. Maji baridi, ambayo ni mepesi kuliko ya chumvi, huinuka juu, hufurika kingo na kuingia katika mifereji midogo iliyochimbwa kwa jembe hadi kwenye majaruba. Bahari inapokupwa, maji ya ziada hurudi mtoni. Kwa hiyo shamba linanyweshwa na kukaushwa bila injini wala lita moja ya dizeli.

Kiasi cha maji hutegemea mwezi. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana na kufika majaruba ya mbali; wakati wa maji mafu huishia karibu na ukingo. Mkulima wa huko hahitaji kalenda ya ukutani. Anayejua leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu anajua pia kama shamba lake litakunywa leo au litasubiri. Watoto wetu wanaosoma Hijria madrasa ili wajue Ramadhani inaingia lini wangefurahi kuambiwa kwamba hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoleta wali mezani kwa watu wa Ozi.

Utaratibu huu una sharti moja tu, nalo haliwezi kuachwa: lazima mto uwe na nguvu. Maji baridi yakiwa mengi, bahari huyasukuma juu na kuyageuza kuwa rehema. Yakipungua, bahari haipati cha kusukuma, nayo hupanda yenyewe. Hapo kinachoingia jarubani si maji ya mto tena, ni chumvi.

Na hivyo ndivyo inavyotokea. Kwa miaka kadhaa sasa wakazi wa Ozi, Kilelengwani, Kipini na vijiji vingine vya chini wamekuwa wakilalamika kwamba maji ya chumvi yanapanda mtoni mbali kuliko yalivyokuwa yakipanda zamani za wazee wao. Miembe iliyopandwa na mababu inakauka ikiwa imesimama. Mashamba ya mpunga yanaachwa. Visima vinageuka ladha. Fiqhi inatufundisha kwamba maji ya bahari ni tohara na yanatosha kwa udhu. Hilo halina shaka. Lakini mpunga haukupewa ruhusa hiyo, wala ng'ombe, wala mtoto mwenye kiu.

Sababu zake si moja. Bahari yenyewe inainuka kwa sababu ya kuongezeka joto la dunia. Mikoko imekatwa mahali ilipokuwa kinga, na mkondo wa Tana ndani ya delta hubadilika kila mara, tawi moja likapata na jingine likakosa. Hata hivyo mtu hawezi kuizungumzia chumvi ya Ozi bila kutazama juu, kwa sababu ndiko maji yanakotoka.

Juu ya mto

Kati ya mwaka 1968 na 1988 yalijengwa mabwawa matano makubwa mfululizo juu ya Tana: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo ghala kubwa. Lilijengwa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni moja na nusu. Kwa miongo mingi umeme wa taifa hili ulitegemea mabwawa hayo kuliko chanzo kingine chochote. Uadilifu unatutaka tulikubali hilo: taa ya msikiti wa mtaani kwako, friji ya samaki sokoni na pampu ya kisima cha Mombasa vimekula matunda ya Tana. Hakuna familia ya Kenya inayoweza kusema haidaiwi na mto huu.

Vilevile, sehemu kubwa ya maji ya jiji la Nairobi hutoka katika vijito vya bonde la Tana, kutoka bwawa la Ndakaini na mengine, na katika miaka ya karibuni limechimbwa handaki katika Kaunti ya Murang'a la kukusanya maji ya vijito vingine zaidi na kuyapeleka jijini. Mpunga wa Mwea, ule ambao wengi wetu tunaununua kwa ajili ya pilau ya arusi, hunywa Thiba na Nyamindi, ambayo ni mito inayolisha Tana. Kila mmoja wa watumiaji hao ana hoja, na karibu kila hoja ni ya kweli. Tatizo ni kwamba hesabu zao hufanywa kila moja peke yake, na jumla yake hulipwa Kipini.

Mabwawa hayakuumeza mto. Maji bado yanapita. Yalichobadilisha zaidi ni mwenendo wake. Zamani mto ulifurika mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za masika na baada ya vuli, na mafuriko hayo hayakuhesabiwa kuwa msiba. Yalikuwa yakitandaza tope lenye rutuba, yakajaza maziwa madogo ya pembeni ambamo kambare na kamongo huzaliana, yakaotesha majani ya ng'ombe. Mpokomo alipanda nyuma ya maji yanayorudi. Mabwawa yamepunguza ukubwa na idadi ya mafuriko hayo ya kadiri, na sehemu kubwa ya tope limebaki juu, likijaza Masinga badala ya kurutubisha delta. Misitu ya kingoni nayo huhitaji mafuriko na kuhamahama kwa mkondo ili miche mipya iote. Humo wanaishi nyani wawili wasiopatikana popote pengine duniani, kolobasi mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana. Kila msitu unaponyauka, makazi yao hupungua.

Kisha mvua inapokuwa kubwa kupita kiasi, mabwawa yakijaa, maji hufurika kwa pamoja na kushuka yakiwa na kishindo. Watu wa chini hukosa yale mafuriko waliyoyahitaji na kupata yale wasiyoyaweza. Tuliyaona hayo 1997 na 1998 wakati wa El Nino, tukayaona 2018, na tena tangu mwisho wa 2023 hadi katikati ya 2024. Aprili ya mwaka huo boti iliyokuwa ikivusha watu pale Kona Punda, ambapo barabara ya Garissa ilikuwa imekatwa na maji, ilipinduka na watu wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Malka

Kuna neno la Kiorma ambalo Mkenya wa pwani hana budi kulijua: malka. Ni njia ya kushukia mtoni, ushoroba ambao mifugo hupitia kati ya mashamba ili ifike kwenye maji. Mkulima akiufunga kwa uzio au kwa kulima hadi ukingoni, ng'ombe hawana pa kupita; mfugaji akiwaachia ng'ombe nje ya malka, mahindi ya mwenzake yameliwa. Kwa vizazi vingi wazee wa pande mbili walikaa na kupanga, Gasa kwa upande wa Wapokomo na Matadeda kwa upande wa Waorma. Mkulima alimwachia mfugaji mabua baada ya mavuno, mfugaji akamwachia mbolea, na walibadilishana maziwa kwa ndizi na mahindi.

Utaratibu huo ulilemewa. Ardhi ya delta ilipoanza kugawiwa kwa miradi mikubwa, ya mpunga, ya miwa, ya mimea ya mafuta, na maji ya kiangazi yalipopungua, nafasi ya kusameheana ikawa finyu. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 mapigano baina ya jamii mbili hizo yaliua watu zaidi ya 100, wakiwemo wanawake na watoto, na vijiji vikachomwa. Wengi waliyaeleza kwa siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia, na siasa hazikukosekana. Lakini siasa haikuumba kiu. Iliikuta ipo, ikaitumia.

Miezi hiyo hiyo yalitokea mambo mengine mawili yaliyopita bila kelele. Septemba 2012, Delta ya Tana iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, ikiwa na hekta 163,600. Na Februari 2013 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na wakazi, iliagiza mpango wa matumizi ya ardhi ya delta utengenezwe kwa kuwashirikisha wanaoishi humo. Hukumu hiyo inafaa kukumbukwa. Ilipatikana kwa subira, nyaraka na sheria, na waliokuwa wakiitafuta walikuwa wakulima na wafugaji kwa pamoja, wakati ambapo jamaa zao walikuwa wakizikana.

Hukumu ya Madina

Sasa turudi kwenye lile tulilolidokeza mwanzo, kwamba dini haikulinyamazia jambo la aliye chini.

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Zubeir bin Awwam (R.A.) na mtu mmoja katika Ansari waliozozana juu ya vijito vya Harra, pembeni mwa Madina, walivyokuwa wakinyweshea mitende. Shamba la Zubeir lilikuwa juu. Yule Ansari alitaka maji yaachwe yapite, Zubeir akakataa. Shauri likafika kwa Mtume (S.A.W.). Naye akamwelekeza Zubeir anyweshe kisha ampelekee jirani yake maji. Ulikuwa ni upatanishi wenye upole, kwani Zubeir aliombwa achukue kidogo kuliko haki yake. Ansari akaghadhibika na kudai kuwa Zubeir amependelewa kwa sababu ni mtoto wa shangazi ya Mtume. Uso wa Mtume ukabadilika. Hapo ndipo alipomwamuru Zubeir aichukue haki yake kamili: ayazuie maji mpaka yafikie kuta za shina, kisha ayaachie. Maulamaa waliikadiria haki hiyo kuwa ni kiasi cha maji kufika kwenye vifundo vya miguu. Na katika hukumu nyingine inayofanana nayo, juu ya kijito cha Mahzur, kipimo hicho cha vifundo kimetajwa waziwazi.

Tukitazame kisa hiki kwa utulivu, maana hutumiwa vibaya na pande zote. Hakisemi kwamba aliye juu hana haki. Anayo, na ndiye anayeanza. Lakini haki yake ina kipimo kinachoonekana kwa macho, na kikishatimia, maji si yake tena. Kuyaachia si hisani bali ni wajibu. Na mwamuzi wa kipimo hicho si aliye juu mwenyewe, ni mtu wa tatu anayewasikiliza wote wawili. Mtume pia amekataza kuzuia maji ya ziada, na katika Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Daud amewataja watu kuwa ni washirika katika maji, malisho na moto. Ukiyatazama mambo hayo matatu utaona kwamba mawili ya kwanza ndiyo hasa yaliyogombaniwa Tana. Na Kurani Tukufu, katika kisa cha Nabii Saleh na ngamia wake, imetuonyesha kaumu iliyowekewa zamu ya kunywa, ikaikataa zamu hiyo, na ikaangamia.

Sheria ya nchi, kwa namna yake, imefika karibu na hapo. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inatambua kiasi cha akiba ambacho lazima kibaki mtoni kwa mahitaji ya lazima ya binadamu na kwa uhai wa mto wenyewe, kabla ya kibali chochote kutolewa. Hicho ndicho kifundo cha mguu cha zama zetu. Kasoro yake ni kwamba Zubeir na Ansari walikuwa wakionana. Hapakuwa na kilomita mia kadhaa kati ya aliyeshika maji na aliyeyasubiri. Mkulima wa Ozi hajui lango gani limefunguliwa Kiambere usiku wa kuamkia leo, na anayelifungua hajui mwezi wa Ozi ni wa ngapi.

Hapo ndipo penye kazi kwa wasomaji wa gazeti hili, hasa vijana wetu waliosomea uhandisi, sheria na hesabu. Katika bonde la Tana vipo vyama vya watumiaji wa maji vilivyoundwa chini ya sheria hiyo, na mikutano ya kuwashirikisha wananchi ni haki iliyomo katika Katiba ya 2010. Mara nyingi watu wa chini hufika mikutanoni wakiwa na malalamiko ya kweli lakini bila takwimu, wakakutana na wataalamu wenye takwimu bila kiu. Kijana mmoja wa Kipini au Garsen mwenye kijitabu, akiandika kila siku maji ya chumvi yalipofika na mwezi ulikuwa wa ngapi, kwa mwaka mmoja tu, angewapa wazee wake silaha ambayo hakuna kamati ingeweza kuipuuza. Misikiti iliyo kando ya mto inaweza kuitunza daftari hiyo kama inavyotunza nyakati za swala.

Haja ni ya haraka, kwa sababu bwawa jingine limo katika mipango ya serikali kwa miaka mingi: High Grand Falls, chini ya Kiambere, ambalo likijengwa kama lilivyokusudiwa litazidi Masinga mara kadhaa kwa ukubwa. Huenda likaleta umeme, likapunguza mafuriko ya ghafla na kumwagilia mashamba makubwa. Huenda pia, likiendeshwa vizuri, likaweza kuachia mafuriko ya kadiri kwa nyakati maalumu, kama mto ulivyokuwa ukifanya wenyewe. Yote mawili yanategemea kanuni zitakazoandikwa kabla ya zege la kwanza kumwagwa. Nyaraka za mradi wa namna hiyo huwa nene na zenye picha nzuri. Atakayepata nafasi ya kuzisoma kwa niaba ya watu wa delta asianze na picha. Atafute jedwali linaloonyesha kiasi cha maji kitakachoachiwa Februari na Septemba, maana hiyo ndiyo miezi ambayo mtu wa Ozi huyaonja maji ya mto kwa ncha ya ulimi kabla ya kuyatia ndooni.